Moto wa Vifaranga Yatima

Nitaanza na aibu yenyewe, nisije nikapata nafasi ya kuipunguza njiani: watu wa avenyu nzima ya Kabondo, wazee, wanawake wenye watoto migongoni, fundi mmoja na mashine yake ya kushona kichwani, walikimbia vita ambayo haikuwepo, na aliyewakimbiza ni mimi, Véro, mwenye miaka mitatu ya biolojia chuo kikuu, mtu ambaye tangu utotoni nilijulikana kwa kutosadiki kitu mpaka nikiguse. Naona wengine mnacheka kabla sijafika popote. Chekeni, nimeshazoea, ila mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu mnaoijua habari hii mmeisikia kwa waliokimbia, na hao hawajui ilivyoanza. Ilianza kwa wivu.

Ilikuwa wakati ule wa uasi, Kisangani imekatwa na dunia, meli za kutoka Kinshasa hazipandi tena mto, chumvi inashuka kwa ndege kama waziri, na chuo hakijulikani kama kimefungwa au kimefunguliwa (leo profesa yupo, kesho unaambiwa amekwenda Bafwasende kutafuta dhahabu), basi nami nikarudi kukaa kwa mama na madaftari yangu na kipimajoto kimoja nilichoazima maabara, ambacho hakuna aliyebaki wa kunidai. Mama alikuwa amewaficha mama kuku wawili ndani ya kabati la nguo kwa muda mrefu, maana askari wote waliopita mjini kwetu, wa upande wowote, walipenda kuku kuliko siasa. Humo humo kabatini, juu ya nguo za marehemu papa, baba yangu, wale kuku wakaatamia, wakaangua vifaranga ishirini na wanne. Mama akawatoa uani wapate jua. Siku ya nne askari wawili wakapita, wakawatazama mama kuku, wakaondoka nao wamewashika miguu, vichwa chini. Vifaranga hawakuwagusa, wadogo mno kwa supu.

Tukabaki na yatima ishirini na wanne wasio na bawa la kujifunika, na mvua za mwezi wa kumi zikaanza. Najua mtasema Kisangani hakuna baridi, mji ambao mtu anatoka jasho akiwa amekaa. Mwambieni hivyo kifaranga wa siku nne aliyelowa, mvua imenyesha tangu alfajiri na upepo wa mto unapita kwenye mianzi ya banda. Atawajibu kwa kufa.

Mama hakuwa na kitu kingine. Samaki aliokuwa akiuza walikuwa hawafiki tena kutoka Isangi, shamba la ng'ambo ya mto halifikiki, na katika avenyu yote kuku walikuwa wameisha, isipokuwa kwa nyumba moja. Vifaranga hao ndio waliokuwa kesho yake. Kila jioni aliwatazama jinsi watu wengine wanavyotazama picha za watoto walioko Ulaya.

Nyumba hiyo moja ilikuwa ya kina Zaina, nyuma ya ua wetu. Zaina ni wa zile familia za Kiislamu za zamani, ambazo babu wa babu zao walikuja na misafara ya biashara wakabaki. Alikuwa na umri wangu kasoro mwaka, aliachia shule darasa la tano, alishona kofia, na vifaranga wake hawakufa. Mvua, vita, kideri, hawafi. Hilo peke yake ningeweza kulivumilia. Nisiloweza kulivumilia ni kwamba jirani wote walimwita mama yangu Mama Véro, kwa jina langu, na mimi nilikuwa nimelizoea kama mali yangu, lakini Zaina alimwita Mama, basi, bila Véro wala nini. Mama, umeamuka muzuri. Mama, nikuletee maji. Na mama aliitika! Aliitika kwa sauti laini ambayo mimi nilikuwa sijaisikia tangu nifaulu mtihani wa taifa.

Kwa hiyo, mvua ya kwanza ilipopiga na mama akasema, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba afadhali vifaranga tuwapeleke kwa Zaina mpaka mvua ziishe, nilisimama mbele yake na daftari mkononi. Nikamwambia hapana. Nikamwambia joto ni somo, lina sheria zake, na mimi nimelisoma, donc aniachie wiki moja tu. Mama aliacha kuchambua sombe, majani ya muhogo, akanitazama.

"Véro, ile kuku ndiyo kitu yote iko imebaki kwangu," alisema. "Nakuachia. Lakini moja ikikufa, zote zinaenda kwa Zaina, na hatutasemezana tena juu yake."

Sawa. Kabla ya kuanza (sitadanganya, nilichungulia) nilikwenda kwenye ua nikatazama Zaina anafanyaje. Ilikuwa kazi ya kiajuza kabisa. Aliwasha makala, yaani mkaa, nje, kwenye mbabula, lile jiko lake dogo la bati, akachuchumaa pembeni akingoja mpaka moshi wote uishe na makala yawe mekundu matupu. Ndipo akayahamishia kwenye chungu, akayafunika kwa majivu, akakiingiza chungu bandani na kukikalisha juu ya mchanga, akakizungushia matofali ili kifaranga asikifikie. Maranda ya mbao aliyoyatandika chini aliyasukuma mbali. Na juu, chini ya paa, banda lote kuzunguka, palikuwa na uwazi wa kiganja kimoja. Baridi yote ya Mungu inaingia hapo! Nikamuuliza kwa nini hauzibi.

"Bibi yangu alikuwa anaacha wazi, yaya," alisema; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Nami naacha wazi."

Mnaelewa furaha niliyoipata? Alikuwa hana sababu. Mimi ni mtu ambaye katekista aliniomba niondoke kwenye mafundisho kwa ajili ya maswali, halafu naambiwa bibi alikuwa anaacha wazi. Hewa ya moto inapanda juu, hilo hata mtoto wa sekondari analijua, kwa hiyo aliyeacha tundu juu anapasha mbingu. Sikumwambia. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeibeba siri hiyo kama yai.

Siku mbili za kwanza nilifanya kama yeye, ila na kipimajoto kimening'inia katikati ya banda, na kila saa nilikuwa naandika daftarini. Vifaranga wakaishi. Wala hakuna aliyenisifu. Mama alikuja, akainama, akasema wanajikusanya sana karibu na chungu, maana yake wanasikia baridi, Zaina alimwambia ukiwaona wametawanyika sawasawa ndiyo joto limefika. Zaina alimwambia. Nina kipimajoto, nina daftari, na Zaina alimwambia!

Siku ya tatu mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikapumzika mchana, ikaacha ule ubaridi wa kulowa unaoingia mpaka kwenye shuka. Mama alikuwa amekwenda kwa Zaina kusukwa nywele kibarazani. Niliwasikia wakicheka. Sijui walikuwa wanacheka nini, na hiyo ndiyo iliyonichoma. Hapo nikafanya uamuzi wangu mdogo, mdogo kabisa: nikachukua magunia mawili ya mchele, nikayachana, nikauziba uwazi wa banda letu chini ya paa, kipande kwa kipande, nikisokomeza kwa kisu. Halafu, kwa kuwa makala yalikuwa machache na mimi nilitaka joto la kuonekana, nikachota makapi ya mawese, yale masalio ya chikichi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa (kila nyumba ya Kisangani inayo nyuma ya jiko, na kila mama anajua yanavyowaka), nikayamwaga chunguni juu ya makala, vikombe vitatu. Majivu sikuweka. Majivu yanazuia joto, niliwaza. Nikafunga mlango.

Baada ya robo saa nilichungulia. Kipimajoto kilikuwa kimepanda kwa namna ya kupendeza. Moshi ulikuwepo, lakini mwembamba, wa bluu. Na vifaranga, jamani, vifaranga walikuwa wametulia, hakuna hata mmoja anayelia, wengine wamelala ubavu wamenyoosha miguu. Nikaona ndiyo raha yenyewe hiyo. Katika siku tatu zile walikuwa hawajanyamaza hata dakika moja, na mimi nimewanyamazisha kwa sayansi.

Mtu mwenye akili angebaki hapo akatazama. Mimi nilikwenda kuwaita watu waje waone.

Nilimkuta mama amekaa chini, kichwa chake katikati ya magoti ya Zaina, nusu ya nywele imesukwa na nusu imesimama. Jirani wengine wawili watatu walikuwepo, pamoja na Papa Tito, yule mzee wa mguu mbovu ambaye tangu vita ianze hajawahi kwenda kuchota maji kwa sababu ya mguu. Nikasimama mbele yao. Nikaanza kueleza. Nikasema kuna watu wanafuga kwa mazoea na kuna watu wanafuga kwa kuelewa, na nilikuwa nimeinua kidole, nakumbuka vizuri, nikisema alors mkija sasa hivi mtaona tofauti.

Pa.

Mikono ya Zaina ikaacha kusuka. Halafu pa, pa, halafu mfululizo, pa-pa-pa-pa, karibu kabisa, nyuma ya nyumba yetu.

Nyie mliokuwa mjini miaka ile mnajua mwili unafanya nini kabla kichwa hakijaulizwa. Wengine walilala chini. Mimi, ambaye sisadiki kitu mpaka nikiguse, nilitoa sauti ambayo sikujua ninayo, nikapiga kelele "Bamefika! Bamefika!" na nikakimbia. Sikutazama nyuma. Niliruka ua wa kina Zaina, ua ambao ukiniambia niuruke leo nitakuomba ngazi, nikatokea avenyu huku napiga kelele ile ile, na milango ikaanza kufunguka upande huu na upande ule na watu wakatoka na vile ambavyo kila mtu huwa ameviweka karibu na mlango, magodoro, masufuria, redio, mbuzi. Fundi akatoka na mashine yake kichwani. Vijana wa toleka, wale wanaobeba abiria, walizitupa baiskeli zao, halafu wakakumbuka ndizo zinazokwenda mbio, wakazirudia. Papa Tito alinipita. Nasema alinipita, akiwa ameinua suruali kwa mikono miwili, na mguu wake siku hiyo haukuwa na ubaya wowote.

Tulielekea parokia, kwa sababu kuta zake ni za tofali nene na ndiko tulikokwenda mara zilizopita. Njiani mama mmoja aliniuliza wako wapi, nikamjibu wako kwenye daraja la Tshopo. Kwa nini nilisema daraja? Sijui. Lilikuja tu. Mbele kidogo mwanaume mmoja aliyekuwa anasukuma mkokoteni akatuambia wameshavuka daraja, wengi sana, na mimi nikasadiki! Ilikuwa habari yangu mwenyewe, imekwenda hatua mia mbili na kurudi, nami nikaipokea kama imetoka kwa mtu aliyeona. Askari wawili wa kizuizi cha njia panda walituona tunakuja, wakasikiliza kidogo ule mlio wa pa-pa, wakajiunga nasi. Mmoja alitutangulia kufika.

Kanisani tulikaa sakafuni, tumebanana, watoto wanalia, mwanamke mmoja anarudia kwamba ameacha lituma yake, ndizi za kuponda, jikoni bila kuipua. Mama alikuja nyuma akihema, nusu nywele imesimama vile vile, akanishika mkono, hakusema kitu isipokuwa "vifaranga". Nikamwambia aache vifaranga, uhai kwanza. Na kwa kuwa watu walikuwa wananiuliza mimi, maana mimi ndiye niliyesikia wa kwanza, nikaanza kueleza. Nilieleza aina ya bunduki. Nikasema mlio ule si wa bunduki kubwa, ni wa ndogo, risasi moja moja, kwa hiyo hao ni watu wa mbele, waliotumwa kupeleleza, wengi wako nyuma. Papa Tito akatikisa kichwa kwamba ni kweli, yeye pia alisikia hivyo. Mimi sijawahi kushika bunduki maishani mwangu. Lakini watu walikuwa wananyamaza nikisema, mama amenishika mkono, na nitawaambia ukweli wote: katikati ya hofu ile kuna sehemu yangu ndogo iliyokuwa inafurahi kwamba Zaina hayupo.

Ndipo mlango mdogo wa pembeni ukafunguka, akaingia Zaina.

Alikuwa peku, kitambaa cha kichwa hakuna, uso mweusi kwa masizi, mkono mmoja umeungua mpaka kiwiko. Kikwembe chake cha kitenge alikuwa amekifunga kifuani kama fuko, na ndani ya fuko kulikuwa na kitu kinapiga kelele, pii, pii, pii. Hakuonekana kama mtu aliyekimbia. Alipita polepole katikati ya watu wote wale waliokaa sakafuni mpaka mbele yetu, akapiga magoti, akakilegeza kikwembe mbele ya mama yangu, na vichwa vya vifaranga vikatokeza. Kisha akanigeukia. Hakupaza sauti, lakini kanisa lile linabeba sauti hata ya mtu anayenong'ona.

"Yaya Véro," alisema, "ile makapi ya mawese ndani ya chungu, ni weye uliitia?"

Nikasema ni mimi.

"Na magunia?"

Na magunia.

"Bon. Moto ilishika mianzi. Nilisikia harufu ya mawese inaungua, ndiyo sababu sikukimbia. Mianzi ikiungua inalia vile."

Mwanzi una vyumba vilivyofungwa, na hewa iliyofungwa chumbani ikipata moto hutanuka mpaka ikipasue chumba. Nilifundishwa mwaka wa kwanza. Nilipata alama nzuri sana katika swali hilo.

Aliyecheka kwanza ni askari, yule aliyetutangulia kufika, akacheka akishika ukuta. Watu wengine hawakucheka, maana kuna waliopoteza viatu, kuna aliyeangusha redio ikapasuka, na yule mwenye lituma akasimama akasema mbele ya wote kwamba nyumba yake ikiwa imeungua nitakwenda kuishi humo ndani mimi mwenyewe. (Haikuungua. Lituma iliungua.) Fundi aliuliza kwa upole, kwa nini tunasomesha watoto. Na Papa Tito akaanza kuchechemea papo hapo, akiwa bado amekaa.

Lakini mama hakuwa anasikia hayo. Alikuwa anawatoa vifaranga mmoja mmoja kwenye kikwembe na kuwaweka mapajani. Walikuwa kumi na saba. Zaina akasema saba aliwakuta wameshakufa, na si moto uliowaua, moto ulikuwa bado upande wa pili. Walikuwa wamelala tu, hawakuungua hata unyoya, ni hewa mbaya ya makala, imekosa pa kutokea. Wale niliowaona wamenyoosha miguu. Wale niliowaacha nikaenda kuinua kidole.

Mama aliuchukua ule mkono wa Zaina ulioungua akautazama kwanza. Nilijua atauchukua, nikajua ni haki, na bado, jamani, bado nilitamani ningekuwa nimeungua mimi.

"Vifaranga vinaenda kwa Zaina," mama alisema. "Na weye unaenda pamoja nabo. Si kwa kufundisha mutu."

Kwa hiyo nilikwenda. Wiki tano, kila alfajiri, nikipita avenyu ile ambako kila aliyeniona aliniuliza kama wamefika, nilikuwa kwa Zaina kuwasha mbabula nje na kuchuchumaa mpaka moshi uishe. Mkono wake ulikuwa umefungwa, kwa hiyo kazi yote ilikuwa yangu, yeye alikaa juu ya kigoda akiniambia majivu zaidi, tofali lile lirudishe, maranda yamekaribia. Siku ya pili nilishindwa kujizuia nikamuuliza tena habari ya uwazi. Aliniambia nipandishe uso pale juu, chini ya paa, nivute pumzi. Nikavuta. Ilikuwa hewa nzito, ya moto, yenye ladha ya sarafu, iliniumiza kichwa, na chini pale walipokuwa vifaranga hapakuwa nayo kabisa. Bibi yake alikuwa anaiachia mlango wa kutokea. Basi bibi alikuwa na sababu, ila hakupata mtu wa kumuuliza vizuri.

Wale kumi na saba waliota manyoya, wote. Mvua zilipopungua tukawarudisha kwetu, kwenye banda jipya nililolijenga kwa mikono yangu, lenye uwazi juu wa viganja viwili, maana siku hizi simwamini mtu, hasa mimi. Mama akamwambia Zaina achague anaowataka. Akachagua watatu, na mama akamwongezea wa nne, jogoo mwenye shingo nyekundu ambaye nilikuwa nimempenda mimi.

Nimeapa mambo mawili. Sitapiga kelele kwamba wamefika kabla sijawaona kwa macho yangu, na wavae sare ya kuonekana ili niwatambue. Na sitauacha moto nikaenda kuusifia kwa watu. Moto mtu anaukalia, anautazama, kama amechoka anamwita mwenzake. Kuhusu wivu sikuapa chochote. Siku ya kuapa nilikuwa nimewazika vifaranga saba nyuma ya jiko, udongo bado mbichi, nilishawadanganya kwa joto langu, na sikutaka kuwadanganya mara ya pili.